Mtu Yeyote na Mtu Yeyote

Nilimwaibisha baba yangu mzazi mbele ya watu, mchana kweupe, kwa mashine niliyoichora mwenyewe kwa penseli, na nalisema hili mapema ili asije akatokea mtu wa Ikolo akadhani nimelificha. Wapo waliokuwepo uwanjani siku ile na bado wako hai, na wakinisalimia naona kwenye midomo yao kwamba wamekumbuka.

Shida zangu zilianza mwaka 1961 nikiwa na miaka kumi, pale tata (ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu Kyela) aliponitoa darasa la pili nikachunge ng'ombe Makwale, kwa sababu kaka yangu alikuwa amefariki na hapakuwa na mwingine wa kuchunga. Nilichunga, nikalima, nikabeba mizigo bandarini Itungi, halafu nikajifunza ufundi baiskeli kwa kuzifungua za watu na kuzirudishia kabla mwenyewe hajarudi kutoka sokoni, hadi nikapata banda langu mjini. Kila nilipoongeza kitu nilijiambia, haya, hao waliokaa darasani wana nini cha kunizidi.

Tata alijuta kunitoa shule. Hakuwahi kusema, lakini mtoto wa jirani akisoma barua kwa sauti yeye huinuka akaenda kuangalia migomba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Sasa mwaka 1989, maduka yakiwa yameanza kujaa tena sabuni na vipuri, ulikuja mradi ukatangaza mafunzo ya miezi minne kwa mafundi, yakaitwa mafunzo ya kubuni bidhaa. Nikaenda. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, ndevu zimejaa, nimekaa kwenye dawati la shule ya msingi magoti yamenifika kifuani. Mwalimu wetu, Mwalimu Ndimbo, alitoka Songea, mtu mpole aliyependa kurudia jambo mara mbili. Alitufundisha kwamba kitu kimoja unakichora mara tatu, kikitazamwa kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu. Mkono wangu umezoea spana, siku ya kwanza ulivunja ncha ya penseli mara sita, na nyundo niliyoichora mwenzangu wa dawati aliniuliza kwa heshima kabisa kama ni mguu wa kuku. Kisha mwalimu akatutaka kila kitu tukitengeneze kwanza kwa maboksi na gundi, ili kosa litoke mapema likiwa bado ni karatasi. Mimi nikaona huu ni mchezo wa watoto, lakini nilikata maboksi, nikagandisha, vidole vikashikana.

Yote hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni kitu kidogo kuliko vyote.

Kabla ya kuchora, mwalimu alitugawia karatasi yenye maswali tisa, akasema twende tukakae siku tatu kwenye nyumba za watu watakaokitumia hicho kitu, tuwatazame wakifanya kazi, tuulize, tuandike wanachosema wao. Mimi nilikuwa nimechagua mashine ya kupura mpunga, na moyo wangu ukakataa katakata. Niliyezaliwa kwenye majaruba, niliyepura mpunga kwa kuupiga kwenye gogo tangu sijui kufunga suruali, niende kumuuliza nani habari za mpunga? (Kiburi hiki bado ninacho, msidhani kimeisha, kimepungua tu makali.) Basi nikakaa bandani kwangu, huku naziba pancha huku najaza karatasi, majina nikaandika ya majirani na majibu yangu mwenyewe. Swali la saba liliuliza nyumbani kazi hii hufanywa na nani pamoja na nani. Nikaandika: mtu yeyote na mtu yeyote. Nikaona nimejibu vizuri sana, nikapiga na mstari chini yake.

Mashine nikaichora hivi: pipa katikati limefungwa vitanzi vya waya, na viti viwili vya baiskeli, kimoja huku na kimoja kule, wakaaji wanatazamana, kila mmoja na pedali zake, wanazungusha pipa kwa miguu huku mikononi wameshika matita ya mpunga. Nilisema moyoni watapiga soga na kazi itakwenda. Baiskeli moja nilikuwa nayo. Ya pili alinipa tata, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo duniani, aliniletea mwenyewe akiisukuma toka Makwale, akaiegemeza ukutani akasema, "Ikate. Nataka kuona hicho ulichosomea."

Hapo mmeelewa nilikuwa nashindania nini. Cheti kilikuwepo, na Mzee Shaabani mwenye duka la vipuri (babu yake alitoka pwani) alikuwa ameahidi kwamba mashine ikifanya kazi atanipa kazi ya kumtengenezea nyingine kumi. Lakini mimi nilitaka tata aone, basi.

Mashine ilipokamilika nikaiweka uani. Mke wangu, Mama Lugano, akaizunguka, akashika kiti kimoja, akashika cha pili.

Akaniuliza, "Hapa nitakaa na nani?"

Nikamwambia utakaa na mtu. Akauliza tena kwa sauti ya chini, "Mtu gani, Baba Lugano?" Nikamwambia asianze kunichosha, mwalimu mwenyewe ameipitisha.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Mkwe wa kike na baba mkwe wake hawakaribiani. Siku hizi wengi wameiacha desturi hii, hasa mjini, lakini nyumbani kwetu haikuachwa. Mke wangu alikuwa ndani ya ukoo wetu mwaka wa kumi na sita na hakuwahi kumtazama tata usoni. Wakikutana njiani yeye huingia kwenye jaruba, matope mpaka magotini, akageuka nyuma mpaka mzee apite. Na tata naye akija kwetu alikuwa anakohoa akiwa bado kwenye migomba, kikohozi kirefu cha makusudi, ili mwanamke apate nafasi ya kuingia ndani. Nimekisikia kikohozi hicho miaka yote hiyo. Tena nakisikia huku nachora viti viwili vinavyotazamana.

Siku ya maonyesho ikafika, uwanja wa mpira wa Ikolo, watu wamejaa, wengine wamevuka toka upande wa Malawi kuja kuona ndugu zao. Tata alikuja na koti na viatu vyake vyeusi vya kanisani. Mpango wangu ulikuwa akae yeye kiti kimoja na jirani yangu Anyosisye akae cha pili, mimi nisimame pembeni, maana mwalimu alisema fundi haruhusiwi kuigusa mashine yake siku hiyo, wataigusa watumiaji. Tata akapanda. Mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Anyosisye hayupo. Alikuwa amevuka mto Songwe kwenda kwa shemeji zake Karonga, akachelewa huko kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Mgeni rasmi, bwana mmoja wa mradi mwenye miwani na haraka, akatazama saa, akasema wanaume amewaona vya kutosha, kazi ya kupura ni ya akina mama pia, akanyoosha kidole moja kwa moja hadi kwa mke wangu aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya watu na matita kichwani. "Mama yule akae pale." Wanawake wa Ikolo wakatazamana. Mzee mmoja akaguna. Mgeni akauliza kwani kuna tatizo, na Mwalimu Ndimbo wa watu, ambaye kwao Songea mambo ni mengine, akafunua karatasi yangu akasoma kwa sauti, tena mara mbili kama kawaida yake, kwamba fundi ameandika hapa mtu yeyote na mtu yeyote.

Watu wote wakanigeukia mimi.

Ningesema neno moja tu. Ningesema yule ni mkwewe, mniletee mwingine, na watu wangecheka kidogo yakaisha. Lakini nikisema hivyo mwalimu atajua karatasi niliijaza bandani, na Mzee Shaabani yuko pale ameshika ndevu anasikiliza. Nikasema, "Hakuna tatizo." Nikamtazama mke wangu, nikamwambia, "Kaa."

Akakaa. Alijifunika kanga kichwa chote na uso wote, amebaki kama mtu aliyejificha mvua, mikono ndiyo pekee ilionekana. Na tata, ambaye angeweza kushuka na hakushuka, aligeuza shingo akatazama magoli ya uwanja, akaanza kukanyaga pedali. Walifanya vile kwa ajili yangu, wote wawili, na mimi nikaanza kupiga makofi.

Pipa likazunguka. Punje zikaanza kudondoka, watu wakashangilia, mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, pengine kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Kava ya cheni nilikuwa nimeitoa ili mashine iwe nyepesi. Ncha ya kanga ikaingia kwenye cheni, cheni ikaila, kanga ikaanza kuvuta kichwa cha mke wangu kushuka kwenye pipa, na ile sehemu aliyokuwa ameifunga shingoni ikakaza. Hakupiga kelele. Hata pale aliona aibu kutoa sauti mbele ya mkwewe.

Mimi nilikuwa hatua nne, mikono bado hewani ya makofi. Tata ndiye aliyeinama mbele, akashika kanga shingoni mwa mkwewe, akalifungua lile fundo. Kanga ikaenda yote kwenye cheni, pipa likakwama, na wale watu wawili wakabaki uso kwa uso, kichwa cha mwanamke kiko wazi, mkono wa mzee bado uko hewani karibu na shavu lake.

Tata akaruka chini. Na kwa kuwa miguu ya mashine nilikuwa nimeibananisha ili ipite kwenye mlango wa banda, ilikuwa inasimama kwa uzito wa watu wawili, mmoja akitoka inaanguka. Ikaanguka. Mke wangu akaenda chini nayo, mpunga ukammwagikia mgeni rasmi mpaka ndani ya miwani. Wageni wakacheka. Wanawake wa Ikolo hawakucheka, waligeuka wote kwa pamoja wakatupa migongo, kumsitiri mwenzao.

Mzee Shaabani alipita karibu yangu akasema polepole, "Fundi, mimi nilitaka mashine, sikutaka kesi."

Tata alikuwa ameshafika barabarani. Kiatu chake cha kulia kilibaki kimenaswa kwenye pedali, akaenda Makwale na kimoja, hakurudi kukichukua, na baiskeli ya kumrudisha nilikuwa nimeshaikata. Mke wangu aliondoka mchana uleule kwenda kwao Ipinda, amejifunika kanga ya kuazimwa.

Nikakipeleka kiatu kesho yake. Baba mdogo alinipokea nje, akasema mzee amelala, na mlango ulikuwa nusu wazi nikiona vidole vya miguu ya mzee vikitikisika. Nikarudi nacho. Hapo ndipo nilipochukua ile karatasi ya maswali tisa, nikaenda kukaa siku tatu kwenye nyumba za watu, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Nyumba ya pili nilikuta mzee aliyefiwa na mkewe, anapura na mkwewe wa kike, yeye upande huu, mwanamke upande ule, katikati wameweka rundo la mpunga refu kuliko mtu ili wasionane. Bibi mmoja jirani akanitazama ninavyoandika, akaniuliza, "Hivi wewe ulizaliwa wapi?" Nikamwambia Makwale. Akasema, "Haya, andika basi."

Mavuno yakapita, mke wangu hayupo. Ndipo tata akamtuma baba mdogo Ipinda na jogoo na maneno, na maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mwambieni mwanangu arudi kwake. Sikuona kitu. Nilifumba macho."

Akarudi. Aliweka mzigo chini, akafagia uani, jioni wakati wa kula akaniambia, "Mzee hakuona. Wewe ulikuwa unatazama nini?" Hajauliza tena.

Nilitengeneza mashine nyingine ya kiti kimoja, miguu mipana, cheni imefunikwa. Mke wangu aliijaribu ya maboksi kabla sijagusa chuma. Mzee Shaabani alichukua moja kwa mashaka, halafu nyingine. Kikohozi cha tata nilikuja kukisikia tena kwenye migomba baada ya mavuno mawili, lakini alikaa upande wa barabarani, hakuwahi kuingia bandani kuona, nami niliona haya kumwita. Mwaka uliofuata tukamzika.

Sikumuuliza jambo moja. Nilikuwa hatua nne, niliyaona macho yake, yalikuwa wazi kama yangu, na fundo la kanga linalokaza shingoni mwa mtu halifunguliwi na aliyefumba macho. Alijua kwamba najua. Tangu siku hiyo sijamjibia mtu swali lake, hata mtoto wangu akiulizwa ana njaa namwacha aseme mwenyewe.

Leo nina karakana ya vyumba viwili na mashine ya kuchomelea. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ekari nne za mpunga Ikolo, miti ya kakao ambayo sijaihesabu, ng'ombe watano na pikipiki moja. Nina mke yuleyule. Cheti sina, niliambiwa nikakichukue, sikwenda. Na nina kiatu kimoja cheusi, cha mguu wa kulia.