Midomo ya Heroe

Abdiel alikuwa ameongoza wageni kwenye maziwa ya Momella kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo alibeba swali moja: heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakiondoka hapa, huenda wapi? Yeye aliamini wengine hufika baharini. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona.

Mwaka 1995, kampuni yetu, mojawapo ya zile zilizochipuka Arusha baada ya biashara kufunguliwa, iliombwa mtu wa kuwaeleza watalii wa meli moja ya mwambao habari za ndege. Abdiel aliomba nafasi hiyo. Nilipewa mimi, mwenye shahada ya zuolojia, na sikukataa.

“Nenda, msomi,” aliniambia stendi. “Ukikuta heroe, niangalizie midomo. Ikiwa ya waridi yenye ncha nyeusi, hao ni wale wakubwa. Ikiwa ya giza yote, ni hawa wetu wadogo.”

Asubuhi pomboo walishindana na meli. Baadaye kasa alitoa kichwa, akatutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa, akazama. Adhuhuri tulishushwa kwenye boti, tukaingia katikati ya mikoko wakati maji yanakupwa. Heroe walikuwa pale, kwenye tope, labda mia mbili. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nikiwasomea wageni maelezo yangu kuhusu uhamaji wa ndege. Nilipogeuka, walikuwa wamekwisha kuruka, nikaona migongo tu ikitokomea.

Nilirudi Momella nikiwa na uongo tayari mdomoni.

“Shikamoo, Mzee Abdiel.”

“Marahaba. Midomo?”

Uongo ulinishinda. “Sikuiona.”

“Miaka mitatu chuo kikuu,” alisema, “na hawakukufundisha kugeuza shingo!”

Alicheka peke yake. Kisha aliuliza tope la baharini linanukaje, na kama maji yakiondoka yana sauti. Nilimweleza hadi chai ikapoa.

Kwa safari iliyofuata niliandika barua kuomba apelekwe yeye. Ofisi ilimpeleka mhitimu mwingine. Sijui kama barua ile ilikuwa ukarimu au majuto yaliyochelewa.

Siku aliyostaafu, tukiwa kando ya ziwa lisilo na heroe hata mmoja, alifungua daftari lake la ndege. Tarehe ya safari yangu ilikuwapo, na mbele yake nafasi tupu.

“Waliporuka, walielekea wapi?”

Hilo nililiona. “Kaskazini.”

“Una hakika?”

“Nadhani.”

Aliandika *kaskazini*, akaweka alama ya kuuliza, akaendelea kulitazama ziwa.