Boksi la Viatu Karakanani

Kwa miaka ishirini na miwili fundi Miwani alikuwa akichomelea chuma, na hakuwahi kukutana na mtu mwenye majivuno mengi na akili kiduchu kama Injinia. Bwana huyo aliingia karakanani na viatu vinavyong'aa, akanyoosha kidole hapa na pale, kisha akatoweka kabla cheche hazijamfikia.

Safari hii kazi ilikuwa roshani ya kliniki ya mkunga mmoja. Boriti yake iliundwa kwa mabamba matatu: moja limesimama, moja limelala juu, moja chini. Injinia aliipima kwa namna yake. Alipanga mifuko ya saruji juu, katikati kabisa, akarudi nyuma akiwa amevimba kichwa.

"Mmeona? Haipindi!"

Haipindi, ndiyo. Mpumbavu huyu! Roshani yenyewe haikai juu ya boriti, inaning'inia ubavuni. Watu wakisimama pale, uzito wao utaisokota boriti kama nguo inayokamuliwa. Na chini ya roshani hiyo ndipo ilipopangwa meza ya binti yake Miwani, muuguzi wa kuandikisha wajawazito.

"Injinia, tuzibe mbavu zote mbili kwa mabamba," Miwani alisema. "Iwe boksi."

"Mzee, wewe choma tu. Kufikiri niachie mimi."

Kesho yake mkunga alipokuja kukagua kazi, alimkuta Miwani anamsubiri na boksi la viatu lisilo na kifuniko.

"Mama, hebu lisokote."

Boksi lilijinyonganyonga mikononi mwake bila ubishi. Miwani akalifunika, akazungushia utepe wa gundi pande zote.

"Sokota tena."

Mkunga alikaza mikono mpaka mishipa ikamtoka. Boksi likagoma.

Injinia, aliyekuwa amesimama kando, akacheka. "Siku hizi tunasomeshwa na maboksi ya viatu?"

"Kama una uhakika na boriti yako," mkunga alimwambia, "siku watu watakapopanda roshani, wewe ukae kwenye kiti cha muuguzi."

Injinia aliitazama boriti. Akatazama saa. Mara akakumbuka ana kikao mahali, tena cha haraka.

Mbavu zikazibwa wiki hiyohiyo. Siku ya ufunguzi roshani ilijaa wageni, na Injinia, tai shingoni, aliwaeleza kwa kirefu jinsi *yeye* alivyogundua hatari ya kusokotwa. Akainua boksi la viatu, lilelile la Miwani, kuwaonyesha.

Miwani hakumsikiliza. Alikuwa amesimama chini, kando ya meza ya binti yake, akihesabu vishindo vya miguu juu yao. Binti aliandika jina la mama wa kwanza bila hata kuinua macho.

"Baba, mbona umeng'ang'ania kiti changu?"

"Endelea kuandika," Miwani alisema. Kisha akakiachia.