Kamba Nyuma ya Pirogi

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, sokoni hapa Kasongo, kutoka kwa mwendesha pikipiki aliyekuwa akishusha samaki. Alinieleza huku anafungua mipira ya mzigo. "Mwalimu, ule muzee wa kuvusha watu pale Nyangwe amekufa. Walimuzika jana." Jana! Baadaye nililia, na sioni haya kuliandika, ila nililia zaidi kwa aibu kuliko kwa huzuni. Mzee yule alikufa akiamini jambo nililomwambia mimi, na jambo lile halikuwa kweli.

Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu, ingawa sikumtaja jina. Ndiye yule mvushaji niliyemwandika katika safu hii mwanawe alipochaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya makomando wa jeshi la majini, kule mbali mto unakoingia baharini. Niliandika kwa mbwembwe zangu zote, nikasema mto wetu Lualaba umezaa mwanaume. Nikasimulia alivyomfundisha kijana kuogelea: baba mbele ndani ya pirogi, mtumbwi wake wa kuvushia, mtoto nyuma majini, na baba hageuki hata mara moja. Mlilipenda sana lile, mkanisimamisha njiani kunipongeza. Lakini kuna kipande nilikikata, kwa kuwa niliona kinaharibu utamu. Mzee alikuwa anafunga kamba ndefu nyuma ya pirogi, inaburuta majini karibu na mikono ya mtoto. "Hakuishika hata siku moja," aliniambia akicheka. "Lakini alikuwa anaiona. Ningeitoa, angezama siku ya kwanza."

Mafunzo yale si mchezo. Vijana wanaogelea wamefungwa mikono, wanabeba boti kichwani kutwa nzima, wanalala mchangani na nguo mbichi, na anayetaka kuacha anainua mkono tu, hakuna anayemzuia. Kila Jumapili walipewa simu kwa saa moja. Kwa kuwa mtandao wa Nyangwe ni wa kubahatisha, na simu ya mzee ilikuwa ya vitufe tu, Jumamosi baba na mama walikuwa wanapanda pikipiki kuja kwangu, na kesho yake tunakaa barazani kungoja sauti ya mtoto. Mama alikuwa amehama kitanda. Tangu kijana aondoke alilala chini kwenye mkeka, ati mwanawe naye analala chini. Nilimtania, akanijibu papo hapo, "Cheka tu, mwalimu. Mugongo ni yangu."

Jumapili moja sauti ilikuja imepooza. "Papa, magoti imevimba. Wenzangu watatu wamerudia nyumbani jana. Mimi sijui." Mtandao ukakatika. Mzee akaomba simu yangu, akasema nirekodi, nitume mtandao ukirudi. Akasogeza mdomo karibu, akasema polepole, "Mutoto yangu, ukichoka, rudia. Nyumba iko, pirogi iko. Hakuna mutu atakuuliza kitu. Ukimaliza nitafurahi, na ukirudia nitafurahi vilevile." Mama akaitikia kwa kichwa, akijifuta macho.

Nami, mjuaji wa maneno, nikaingilia. Nikamwambia mzee kwamba maneno yale yatamlegeza kijana, kwamba mwanaume anahitaji kutiwa moyo. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimeshawaandikia ninyi kuhusu shujaa, na sikutaka shujaa wangu arudi Nyangwe anachechemea. Nikampangia maneno mengine, akayarudia baada yangu kama mwanafunzi: "Vumilia. Usiangalie nyuma." Alipomaliza akanitazama. "Sawa, mwalimu, wewe ndiye mutu wa maneno. Lakini tuma zote mbili." Mtandao uliporudi nilituma moja tu, ile ya maneno yangu. Jibu likaja fupi: "Nimesikia, papa." Mzee akaniuliza, "Hata ile ya kwanza?" Nikasema hata ile.

Kijana alimaliza. Kwao walichinja mbuzi, nami nikala. Lakini simu za Jumapili zilikoma. Alipangiwa kazi mbali, akawa anatuma salamu kwa watu, maneno mawili matatu. Mara ya mwisho mzee kuja kwangu alikaa palepale barazani, mikono imelala magotini. "Pengine nilimukosea, mwalimu. Kumuambia arudie. Alizani namuona muzaifu." Alikuwa anajutia neno pekee la haki lililosemwa siku ile, na mimi nilikuwa na simu mfukoni, na neno lenyewe limo ndani yake. Nikamwambia atapiga tu, ni kazi nyingi. Loo, jinsi nilivyokuwa mwoga!

Tangu Jumanne nimekuwa nikiwaza kuhusu huku kwetu. Tunasifu sana mtoto asiyerudi. Namjua mama mmoja anayekaa Wamaza ambaye mwanawe ana miaka mingi anachimba dhahabu kule Salamabila. Hakuipata, na harudi, kwa sababu siku anaondoka baba alimwambia asionekane nyumbani mikono mitupu. Baba anaamini alimtia moyo. Tumepita katika mambo magumu, nakubali, na tunataka watoto wagumu kuliko sisi. Lakini tumechanganya mambo mawili. Kumsukuma mtoto mbele ni kitu kimoja, na kumfungia mlango nyuma yake ni kingine kabisa.

Nilikwenda Nyangwe kilioni. Kijana alifika siku moja baada yangu, mabega mapana, amechelewa kumzika baba yake. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka uleule. Nilimvuta kijana pembeni, kwenye pirogi ya mzee iliyopinduliwa, nikamweleza yote bila kujipunguzia, nikampa simu. Alisikiliza mara tatu. Nilitegemea anipige, na ningestahili. Akasema tu, "Mimi nilimaliza sababu nilizani sina pa kurudia. Mwalimu, nilimukasirikia papa mpaka leo." Kisha akanirudishia simu. "Sasa nitumie."

Nikaituma tukiwa tumesimama pale. Mtandao wa Nyangwe, ambao siku zote tunaulaumu, siku hiyo haukusumbua. Ujumbe ulifika mara moja.

Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto aliyekwenda kwenye jambo gumu, jeshini, shuleni au shimoni, usiniombe tena nikupangie maneno. Mwambie nyumba iko. Pengine hataishika kamba hiyo maisha yake yote. Mwachie tu aione, na umwachie ungali unaweza kusikia akikujibu.