Mwanamke wa Papua Aliyepakwa Hina

Paulina aliiosha ile sanamu kwa sababu hakuna aliyemwambia asiioshe, na katika nyumba ile ya Azaiba, ng'ambo alikofanya kazi za ndani, kitu pekee ambacho hakuwahi kukiosha ni gari la jirani.

Ilikuwa mwaka 2003. Thabit, mtoto wa nyumba, alikuwa kaleta mwanamke wa mti kutoka Papua, urefu wa kiunoni, mikono tumboni, matiti yamechongoka, mwili mzima umepakwa udongo mwekundu. Si mali yake, rafiki yake wa kazini alimwachia amtunzie. Wenyewe kule mtoni walikomchonga, alisema, humwita mama wa ukoo.

Paulina akamsugua mama wa ukoo kwa sabuni na stilwaya. Maji yakatoka mekundu, naye akafurahi: uchafu wote huo! Alipomfuta akaona mti mtupu, mweupe kama mwiko mpya.

Jumamosi binti yake Anjelina alikuwa anaolewa Tabora. Tiketi ipo. Pasipoti imo drooni kwa Thabit.

"Bibi, nimekwisha," alimwambia Bi Mahbuba, mama yake Thabit.

Bi Mahbuba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amepamba maharusi kuanzia Azaiba hadi Sib. "Mfunge kanga kwanza, humu watu wanasali. Nna hina ndani. Wekundu si wekundu?"

Wakampaka, Paulina akimpepea kwa gazeti. Bi Mahbuba akamtia wanja, kisha mkono ukamponyoka, akamchora ua begani, mazoea tu.

"Sasa huyu hata leo anaposwa."

Paulina akacheka. Hakucheka tena wiki ile.

Thabit aliporudi hakupiga kelele. Alilamba kidole, akasugua ua. Halikutoka.

"Nani kafanya hivi?"

Bi Mahbuba alikuwa akiitafuta tasbihi aliyoishika mkononi.

"Mimi, bwana," alisema Paulina.

"Basi hutosafiri mpaka mwenyewe aje. Umweleze wewe."

"Anakuja lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

"Harusi ni Jumamosi, bwana."

"Paulina, mimi ntamwambia nini mtu yule?"

Aliuliza kweli.

Jumamosi Bi Mahbuba akampa simu yake bila kumtazama usoni. "Zungumza mpaka salio liishe." Paulina akasikia ngoma, akasikia vigelegele, akasikia mtu akiuliza mama wa bibi harusi yuko wapi.

"Niko hapa," alisema, lakini kule Tabora simu ilikuwa imeinuliwa juu, asikie ngoma vizuri.