Fortu, aliyetaka kujua moyo unakula nini

Tangu jana akili imegoma. Dada yake Fortu alinipigia, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena. Dokta Fortunata, Fortu wetu, ametutoka.

Wengi mlimjua kwa research yake ya misuli ya moyo. Mimi namjua tangu bweni, binti wa Rombo mwenye maswali mpaka walimu wanaanza kutafuta chaki ambayo haijapotea.

Swali lililomchukua maisha yake lilikuwa moja: moyo unakula nini? Alitaka kujua kwa nini moyo wa mama aliyetoka kujifungua unaishiwa nguvu ghafla. "Chakula kipo, Neema," aliniambia, "ila moyo unashindwa kukitumia. Jiko limejaa mkaa lakini haliwaki."

Alisoma Ulaya, akapata kazi nzuri huko, akarudi Moshi. Umeme ukikatika alikuwa wa kwanza kukimbilia freezer ya sampuli, viatu mkononi. Proposal ikikataliwa anasema, "Angalau wameisoma," anaanza upya.

Krismasi moja tuko kwao Tarakea, mbuzi amechinjwa, wazee wanagawa nyama. Fortu akaomba moyo. Baba yake mdogo akamtazama. "Kila kipande kina mwenyewe, mwanangu."

"Naazima tu, baba." Akaupasua, akawaonyesha watoto kuta zake, akaurudisha. Wazee walicheka mpaka wakasahau walipofika kugawa.

Sasa niseme la kwangu.

Nilipojifungua binti yangu, mama mkwe alinilea kwake Uru kama mila inavyotaka: nakaa ndani, mtori wa ndizi na nyama asubuhi, supu mchana, samli juu yake. Nikavimba. Wageni wakamsifu mama, "Mzazi wako amenona." Na mimi nahema nikijigeuza tu kitandani, silali mpaka nikae. Nikadhani ndio uzazi.

Fortu akaja kunipongeza. Aliniangalia miguu. Akamwamkia mama shikamoo, akasema twende hospitali leo hii.

Mama akakataa. Mzazi hatolewi nje kabla ya siku zake, watu watasema nini?

Dokta mzima angeweza kugomba. Yeye akakaa chini. "Mama, naomba ubonyeze mguu wako kwa kidole gumba. Sasa bonyeza wa Neema."

Wangu ulibaki na shimo: ulijaa maji, si unono. Mama akaliangalia, akaenda kuchukua kitenge chake. "Mchukue. Na mimi nakuja."

Moyo wangu ulikuwa umechoka vibaya. Tungechelewa kidogo tu, nisingekuwa naandika haya.

Fortu hakumlaumu mama hata siku moja. Alimfanya mwalimu. Walizunguka pamoja kwenye jumuiya za akina mama, mama anaeleza dalili kwa Kichagga, Fortu kabeba mikoba. Kwenye presentation alimtaja kama mwenzake wa kazi, na mama alivyo mgumu kusifiwa, siku hiyo alivaa viatu vya misa.

Fortu, najua linakuuma kwamba swali lako halijaisha. Vijana uliowafundisha wamelishika, na ni wabishi kama wewe.

Asubuhi binti yangu kaniuliza aliyekufa ni ndugu yetu? Nikamwambia, huyo ndiye aliyefanya ukue ukiwa na mama. Akafikiri, akauliza, "Ulimshukuru?"

Nilikushukuru, Fortu, ila haikutosha. Lala pema, rafiki yangu. Asante kwa kila Jumapili niliyomsuka binti yangu nywele mimi mwenyewe.