Nafuu Hakuna

Aliyeniambia kwamba serikali ingenirudishia pesa za matibabu alikuwa mama mmoja Mwaustralia niliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee huku Minto, Sydney. Mumewe aliugua kansa zamani, na kila walipojaza fomu za kodi walirudishiwa kitu. "Keep every receipt, darling," akaniambia. Nami nikaweka. Risiti za dawa, za kuegesha gari hospitalini, za ile skani ambayo bima ya serikali haikuilipa yote, hata ya wigi, zote ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati.

Mume wangu sikumwambia. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, anaendesha lori la makontena kwenye bandari ya Port Botany, na tangu nianze kuumwa alikuwa amechukua zamu ya Jumamosi pia. Nilitaka siku moja nimwekee hela mezani, nimwambie Jumamosi alale. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu, na nimeitaja mapema kwa sababu baadaye nilimfokea sana yeye kwa kunificha mambo.

Mwezi wa saba nikaubeba mkebe mpaka Auburn, kwa mzee mmoja Mtanzania anayewajazia Waafrika wengi fomu za kodi. Mzee yule Kiswahili chake kimepigwa pasi. Sisi wengine tukifika kwenye mambo ya ofisi tunakimbilia Kiingereza. Yeye, hata umsukume, hakimbii. Wakenya tunasema relief, yeye anasema nafuu ya kodi. Nilicheka, maana mimi nikisikia nafuu nafikiria homa imeshuka. Akasema atazipitia karatasi zote kisha atapiga simu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nangoja jibu la skani: ugonjwa umebaki kwenye titi, au umeshafika kwenye ini. Tulikuwa tumeambiwa twende Ijumaa. Silali, sili, nawaza ini tu. Jumatano mchana, baada ya dripu ya kemo, usingizi ukanikamata kwa nguvu. Nikamwachia mume wangu simu yangu nikaingia chumbani.

Niliamshwa na sauti ya masufuria. Jikoni mlikuwa na wanawake wanne wa kanisa letu, mmoja anakoroga sombe, kile kisamvu cha Wakongomani, mwingine anamenya viazi kwa kisu changu. Sebuleni pasta ameketi na koti lake mwilini. Hii ni Sydney, saa tisa mchana katikati ya wiki, na hawa ni watu ambao kukosa zamu moja ni kesi na meneja. Kwetu watu wakija hivyo na chakula bila kualikwa, pana maiti.

Nikajua ni mama. Mama yangu yuko Voi, ana presha, na nilikuwa nimemdanganya kwamba nilipasuliwa uvimbe mdogo tu. Nikauliza, "Nani amekufa?"

Mke wa pasta akanishika mkono. "Keti kwanza, mama. Mungu ni mwema."

Maneno hayo yakanimaliza. Nikaanza kumlilia mama yangu palepale mlangoni, kwa sauti, nao wakalia pamoja nami. Kumbe kila mtu na msiba wake. Mimi nalia mama, wao wananililia mimi.

Aliyetukatiza ni binti yetu, ana miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. "Mum," akasema, "Dad says you're not getting better. Are you going to die?"

Sijawahi kushtuka vile, hata siku daktari aliponitajia ugonjwa wenyewe. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama zulia.

"Nani amesema?"

"Hospitali ilipiga," akajibu. "Ule mkalimani. Alisema ameangalia ma-papier yako yote ya matibabu. Akasema nafuu hakuna tena. Ilikuwaka zamani, sasa imeisha kabisa. Akasema pole sana."

Tangu nipasuliwe, hospitali ilikuwa imezoea kumpigia yeye kupitia mkalimani wa simu, kwa kuwa Kiingereza chake ni cha bandarini. Na wale wakalimani huzungumza kama wasoma taarifa ya habari. Nikachukua simu nikatazama. Namba ilikuwa ya mzee wa Auburn. Nikampigia, nikaweka spika.

"Shikamoo, mzee. Ulisema hakuna nafuu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Nafuu ya kodi. Ile ya gharama za matibabu ilifutwa miaka mingi iliyopita, hata kwa wenye saratani. Risiti zako ni sahihi, ila hazina pa kwenda. Nilimweleza mumeo vizuri kabisa."

Mmoja akacheka kule jikoni, kisha wote. Pasta alicheka mpaka akavua koti. Nami nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana pesa hazirudi, Jumamosi za mume wangu hazirudi, na lile jibu la ini bado halijatoka. Tukala. Nilikula chakula cha matanga yangu mwenyewe, na sombe ilikuwa tamu.

Walipoondoka, mume wangu akaanza kuosha vyombo. Nikamuuliza, "Ungeniambia lini?"

Akachukua sahani nyingine. "Sikukuwa na mpango wa kukwambia."

"Kabisa?"

"Mugonjwa hawamuambiake. Anakufa mbele ya siku yake. Ningekuchekea tu kila siku." Alikuwa ameshamuuliza pasta bei ya tiketi za Voi. Mimi ningeambiwa ni likizo.

Nilimfokea mpaka nikakohoa. Kwamba aliamini nakufa, hilo nilimsamehe palepale. Lakini kwa saa mbili pasta alijua, wanawake wanne walijua, mtoto wangu alijua, na mwenye mwili amelala chumbani kama mjinga. Ningefika Voi nikanunue leso sokoni, watu wananitazama kwa huruma nami nadhani ni wigi.

Akaningoja nimalize. "Na mama yako," akasema polepole, "weye ulimwambia nini?"

Nikaenda kulala bila kumuaga.

Ijumaa daktari alisema ini halina kitu. Mkalimani akarudia kwenye simu iliyokuwa mezani, na mume wangu akamwomba arudie tena, kisha akalia ndani ya kofia yake. Nilifurahi. Tulipokuwa tunatoka nikamwomba nesi fomu yangu ya mawasiliano. Pale penye mtu wa kupigiwa simu kwanza nikakata namba ya mume wangu, nikaandika yangu. Chini yake palikuwa na nafasi ya mtu wa pili, kama wa kwanza hapatikani. Nikaandika yangu tena.

Nesi akaniambia haifanywi hivyo. Nikamwambia aiache.