Makombe Manane ya Timu Yetu ya Lithuania

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia sisi Warundi pamoja na Wakongo wachache, kila timu ya mpira ilichukua jina la jezi iliyopewa. Sisi gunia la msaada lilituletea jezi za njano za klabu ya mji mdogo wa Lithuania, basi tukawa Lithuania. Desturi ilikuwa kwamba siku ya kufungua ligi, katibu wa kila timu asome historia ya timu yake mbele ya watu. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu.

Historia gani sasa? Hata ramani ya Lithuania sikuwahi kuiona. Nikatunga. Niliandika daftarini kwamba klabu ilianzishwa na waoka mikate, kwamba imechukua kombe la taifa mara saba na haijawahi kupoteza mechi nyumbani. Watu walipiga makofi mpaka wapinzani wetu wakanuna. Uongo ule ulininogea, sikatai.

Kisha Amerika ikatugawa: wengine Louisville, wengine Buffalo, mimi Columbus, kwenye maghorofa ya Whitehall. Lakini kila kiangazi tulikutana mji mmoja tukacheza na timu ya huko, na kabla ya mechi nilisoma daftari lile lile. Mwaka 2014, Louisville, niliongeza kombe la nane.

Mwaka uliofuata, ghalani nilikofanya kazi, mzee mmoja mwendesha foklifti ya kuinulia mizigo alisimama mbele yangu akagusa beji ya jezi yangu. Alikuwa Mlithuania. Ujanani alikuwa golikipa wa klabu ile ile. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Kwa furaha nikamwalika Buffalo, bila kufikiri kwamba huko daftari litasomwa mbele ya mtu pekee anayeujua ukweli.

Saa tano za njia nilitokwa jasho. Wenzangu waliiamini historia ile. Kambini hatukuwa na kingine cha kujivunia. Wakinijua mwongo, nitawatazama vipi? Mzee mwenyewe alikula maandazi ya mke wangu, hana habari.

Uwanjani nahodha wetu, Mkongo aliyehamia Buffalo, akanisukuma mbele nisome historia ya timu, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Bon, katibu, soma basi! Mzee naye asikie histoire ya équipe yake."

Nikasoma kwa Kiswahili, nikimshukuru Mungu kwamba mgeni haelewi. Kumbe mke wa nahodha, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee na Kiingereza chake kimenyooka, alikuwa anamtafsiria neno kwa neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema taratibu, mama yule akitutafsiria:

"Walioianzisha walikuwa mafundi wa kiwanda cha viatu. Kombe hatukuchukua hata moja. Fainali tulifika mara moja, tukashindwa kwa penalti, na golini nilikuwa mimi. Mwaka jana klabu ilivunjwa. Nilidhani sitaiona tena jezi hii uwanjani."

Akafuta macho kwa kiganja. Nahodha akanigeukia.

"Donc, katibu, ulikuwaka unatudanganya?"

"Ndiyo," nikasema. "Tangu kambini."

Akaangua kicheko, na timu nzima ikafuata. Waliniita profesa, wakanirushia chupa za maji. Sijawahi kutaniwa nikafurahi vile. Mzee akauliza wanacheka nini, akaelezwa, akacheka kuliko wote. Akaomba nisifute kitu, ila niongeze fainali yake. Nikaiandika pale pale, na penalti zake.

Mechi tulipigwa nne kwa moja. Mzee alisimama nyuma ya goli letu dakika zote tisini, akimfokea golikipa wetu kwa Kilithuania, na golikipa akiitikia "ndiyo, mzee" kila mara.

Baadaye tukakaa kwenye nyasi tukila wali. Nikafungua daftari, na chini ya makombe manane nikaandika: Buffalo, 4–1, tumeshindwa. Mzee akachungulia zile namba, akatikisa kichwa.

"Mwakani," akaniuliza, "tunacheza wapi?"